Sura ya 6: Mbona Bingwa ni Yuleyule?

Kila aliyekaa misimu kadhaa katika ligi ya besiboli ya kompyuta ameuliza swali hili au ameulizwa: mbona bingwa ni yuleyule? Mwaka huu New York, mwaka jana New York, mwaka juzi Los Angeles, halafu New York tena. Aliyekabidhiwa timu ya mji mdogo huongeza swali la pili, lenye uchungu zaidi: mimi niko hapa kufanya nini?

Ni maswali ya haki, na hayajibiwi kwa kumwambia mtu akajifunze kucheza. Meneja hodari mwenye timu maskini, katika ligi iliyopangwa vibaya, atashindwa na meneja wa kawaida mwenye timu tajiri miaka nenda miaka rudi. Hapo hakuna tena mashindano. Lakini zipo dawa nyingine zinazotolewa kwa hasira, nazo zinaua mchezo kwa njia nyingine. Sura hii inatafuta njia ya katikati, na inaitafuta kwa hesabu.

Kwanza tuelewane. Besiboli ni mchezo wa gongo na mpira unaopendwa sana Marekani, Japani na visiwa vya Karibi. Ligi Kuu ya Marekani ina timu 30, na kila timu hucheza mechi 162 kwa msimu. Ligi ya kompyuta ni ligi ya kuigiza: wachezaji, miji, mashabiki na vitabu vya hesabu vyote vimo ndani ya programu. Programu inayojulikana zaidi ni Out of the Park Baseball, iliyobuniwa na Mjerumani Markus Heinsohn mwishoni mwa miaka ya 1990. Kila mshiriki ni meneja mkuu wa timu moja. Hapigi mpira, anasajili, anabadilishana wachezaji, anapanga mishahara, kisha anatuma faili la maamuzi yake kwa kamishna, yaani mwendeshaji wa ligi. Kamishna anabonyeza, wiki nzima ya msimu inapita kwa dakika chache, na matokeo yanarudi kwa wote. Yeye ndiye anayeshika kanuni za fedha, hivyo mengi ya sura hii anaambiwa yeye.

Mwanzoni tatizo hili la bingwa yuleyule halikuwapo. Mwaka 1961 Hal Richman alipoanza kuuza Strat-O-Matic, mchezo wa kadi na kete, mlichohitaji ni meza na muda, fedha haikuwamo. Mwaka 1980 Daniel Okrent na rafiki zake wa New York wakaanzisha ligi ya kubuni waliyoiita Rotisserie, na hapo fedha ikaingia, lakini kwa usawa: kanuni iliyokuja kuzoeleka ni dola 260 kwa kila mmoja, za kununulia wachezaji 23 kwa mnada. Tajiri na maskini walizaliwa pale kompyuta ilipoanza kuiga miji yenyewe.

Mzunguko unaomlisha tajiri

Ndani ya programu, timu hupata fedha kwa njia ambazo shabiki yeyote anazifahamu: viingilio vya mlangoni, tiketi za msimu mzima, jezi na bidhaa nyingine, haki za matangazo ya televisheni, na mechi za mtoano za mwisho wa msimu. Baadhi ya mapato hayo, hasa fedha za matangazo ya kitaifa, hugawanywa sawa kwa wote. Mengine yanategemea mambo mawili: ukubwa wa mji na hamu ya mashabiki. Mji haubadiliki kirahisi. Hamu hupanda timu inaposhinda na kushuka inapofungwa.

Timu inashinda, mashabiki wanajaa, mapato yanapanda, bajeti ya mishahara inaongezwa, wachezaji bora wanasajiliwa, timu inashinda tena. Kwa timu ya mji mkubwa mzunguko huu unazunguka kwa kasi. Kwa timu ya mji mdogo unazunguka kinyume. Wafuatiliaji wa soka la Tanzania hawahitaji mfano mwingine: tangu Azam ichukue ubingwa msimu wa 2013/14, taji limebaki mikononi mwa Simba na Yanga.

Besiboli ya kweli inaonyesha ukubwa wa pengo. Mwaka 2013 Los Angeles Dodgers walitangaza mkataba wa televisheni wa miaka 25 wenye thamani ya dola bilioni 8.35. Gawanya kwa 25, unapata zaidi ya dola milioni 330 kwa mwaka, kabla ya kuuza tiketi hata moja. Ipo timu ambayo mapato yake yote ya nyumbani hayafiki hapo.

Mimi sioni ubaya wa mji mmoja kuwa mkubwa na mwingine mdogo. Utofauti huo ndio unaoipa ligi ladha, na wapo mameneja wanaoomba wenyewe wapewe timu ngumu. Ubaya ni mzunguko usio na breki. Kamishna anayejaribu kuifanya miji yote ilingane anapigana na kitu kisichofaa kupigwa vita. Kazi yake ni kutafuta breki.

Wenyewe Wamarekani walifanya nini

Kamishna wa kompyuta ana bahati: Ligi Kuu imefanya majaribio haya kwa fedha halisi, na matokeo yanaonekana.

Mwaka 1994 wamiliki wa timu walitaka kikomo cha mishahara, yaani kiwango ambacho hakuna timu inayoruhusiwa kukivuka. Wachezaji wakakataa, wakagoma kuanzia Agosti 12, na fainali za mwaka huo zikafutwa. Mgomo ulipoisha mwaka uliofuata, kikomo hakikuwa kimepatikana. Badala yake, katika mkataba wa 1996, zilikuja njia mbili ambazo bado zinatumika. Ya kwanza ni mgao wa mapato: kila timu inachangia sehemu ya mapato yake ya nyumbani kwenye mfuko mmoja, kisha mfuko unagawanywa sawa. Ya pili ni kodi ya anasa: timu inayolipa mishahara kupita kiwango fulani inatozwa kwa kila dola ya ziada.

Katika miaka ya karibuni mchango wa mfuko umekuwa asilimia 48. Tuone inavyofanya kazi kwa ligi ndogo ya kubuni yenye timu nne, ambazo mapato yao ya nyumbani ni dola milioni 300, 200, 120 na 80. Jumla ni 700. Asilimia 48 yake ni 336, na kila timu inarudishiwa 84. Hali inakuwa hivi:

- Timu A: kutoka milioni 300 hadi 240
- Timu B: kutoka milioni 200 hadi 188
- Timu C: kutoka milioni 120 hadi 146.4
- Timu D: kutoka milioni 80 hadi 125.6

Mwanzo A ilikuwa na karibu mara nne ya D. Sasa haifiki mara mbili. Hakuna aliyefilisiwa, A bado ni tajiri, na D inaweza kumbakiza mpigaji wake bora. Kwa kanuni moja tu, ni kazi kubwa.

Sasa angalia upande wa pili wa hesabu hiyohiyo. D ikiongeza dola moja ya tiketi, senti 48 zinaingia kwenye mfuko, na kati ya hizo inarudishiwa senti 12. Imebaki na senti 64. Katika ligi ya timu 30 marejesho yanakuwa senti 1.6, hivyo timu inabaki na senti 53.6 za kila dola iliyoihangaikia. Ndiyo maana wachumi wa michezo husema mgao mkubwa unapunguza hamu ya kushinda, kwa tajiri na kwa maskini pia: ukishinda, karibu nusu ya faida inakwenda kwa wenzako.

Hoja hiyo ni ya kweli huko Marekani. Kwenye kompyuta ina nguvu ndogo zaidi, na hapa ndipo wengi wanapokosea kwa kunakili kanuni za Ligi Kuu zilivyo. Mmiliki wa kweli ana mfuko wake. Akipewa mgao anaweza kuuweka na kulala. Meneja wa kompyuta hana mfuko. Faida ya timu haimnunulii hata soda. Anachotaka ni kombe, na atalitafuta hata akibakiwa na senti 10 kwa dola. Kwa sababu hiyo ligi ya kuigiza inaweza kuvumilia mgao mkubwa kuliko ule wa Ligi Kuu bila kuua bidii ya mtu.

*Kwa ufupi: mgao wa mapato ndiyo breki ya kwanza. Unapunguza pengo bila kulifuta, na kwenye ligi ya kompyuta unaweza kukazwa zaidi kuliko Marekani.*

Fedha ya mgao inaishia wapi?

Kumpa maskini fedha ni jambo moja; fedha hiyo kufika uwanjani ni jingine. Mwaka 2006 Florida Marlins walianza msimu na mishahara ya karibu dola milioni 15 kwa kikosi kizima, huku wakipokea mgao. Malalamiko yalidumu hadi Januari 2010, ligi na chama cha wachezaji walipokubaliana na klabu hiyo iongeze matumizi. Mwaka 2018 chama kikawasilisha malalamiko rasmi dhidi ya klabu nne, Marlins wakiwamo tena, kikisema fedha za mgao hazitumiki kujenga timu.

Kwenye kompyuta fedha hukwama mahali pengine. Katika mipangilio mingi bajeti hupangwa na mmiliki wa kuigiza, si na meneja, hivyo mgao unaweza kuingia kwenye akiba ya klabu bila kuongeza hata dola moja kwenye fungu la mishahara. Kamishna anatangaza mgao mnono, mwaka unapita, timu maskini ina akiba nene na kikosi kilekile. Kabla ya kulaumu mtu, fungua ukurasa wa fedha wa timu tatu za chini na ulinganishe mistari miwili: akiba na bajeti. Kama akiba inapanda na bajeti imesimama, tatizo liko kwenye mpangilio, si kwa meneja.

Akiba ya tajiri ina hatari kubwa zaidi. Timu iliyoshinda miaka mitano mfululizo inaweza kuwa na lundo la fedha ambalo hakuna mgao wa mwaka mmoja unaoweza kuligusa. Mgao hugawa mapato. Haugusi kilichokwisha kulimbikizwa. Programu inamruhusu kamishna kuweka ukomo wa akiba: msimu ukiisha, kinachozidi ukomo kinaondolewa. Kwa maoni yangu hiki ndicho kifaa chenye nguvu kuliko vyote kwenye ligi ya kompyuta, na ndicho kinachosahaulika zaidi. Kinakata kumbukumbu ya mzunguko. Bingwa wa mwaka jana bado ana wachezaji wake na mashabiki wake, lakini hana ghala la fedha la kumvusha salama kila akikosea usajili.

Kuna mlango mmoja wa nyuma unaotakiwa kufungwa: fedha taslimu ndani ya mabadilishano ya wachezaji. Juni 1976 Charlie Finley, mmiliki wa Oakland, aliamua kuuza nyota wake kabla hawajamkimbia. Rollie Fingers na Joe Rudi walikwenda Boston kwa dola milioni moja kila mmoja, na Vida Blue akaenda New York kwa milioni moja na nusu. Kamishna Bowie Kuhn alifuta mauzo yote hayo akisema yanadhuru mchezo. Finley akaenda mahakamani, akashindwa. Mtu anaweza kubishana kama Kuhn alimtendea haki Finley, lakini kwenye ligi ya kompyuta jibu ni rahisi: weka kiwango kidogo cha fedha kinachoruhusiwa katika kila mabadilishano. Bila hivyo, mgao wote unaoupeleka chini utarudi juu ukiwa umebeba na mrushaji bora wa timu maskini.

Kodi ya anasa inamuuma nani?

Kodi ya anasa inapendwa kwa sababu inaonekana kumwadhibu tajiri. Katika mkataba wa Ligi Kuu wa 2022 kiwango kilianza dola milioni 230, kikipanda kila mwaka hadi 244 mwaka 2026. Anayevuka mara ya kwanza anatozwa asilimia 20 ya ziada, mwaka wa pili mfululizo asilimia 30, wa tatu asilimia 50, na wanaopita mbali sana wanaongezewa tozo juu ya tozo. Anayerudia mara tatu na kupita kiwango kwa zaidi ya milioni 60 analipa asilimia 110 ya kila dola iliyo juu ya mstari huo. Amsajilipo mchezaji wa dola milioni 10, gharama halisi ni 21.

Je, inazuia? New York Mets walilipa kodi ya zaidi ya dola milioni 100 kwa msimu wa 2023. Dodgers walivuka milioni 100 mwaka 2024 na wakachukua ubingwa, kisha wakautetea 2025. Tajiri mkubwa kweli hazuiliki. Anayezuiwa ni tajiri wa kati, anayeufikia mstari na kusimama. Kwa hiyo ukiitegemea kodi hii peke yake, utajikuta umempunguzia tajiri wa juu wapinzani wake wa karibu.

Hata hivyo Mets hao wa 2023 ni somo: walishinda mechi 75, wakapoteza 87, na hawakuingia hata kwenye mtoano. Na mwaka 2002 Oakland, yenye mishahara ya karibu dola milioni 40, ilishinda mechi 103, sawasawa na New York Yankees iliyolipa takriban milioni 125. Ndiyo hadithi iliyokuja kuandikwa na Michael Lewis katika kitabu chake *Moneyball*. Fedha inanunua nafasi ya kukosea mara nyingi. Hainunui akili ya kuona mchezaji ambaye soko limempunja bei.

Kwa nini tusiweke kikomo kigumu tukamaliza?

Pendekezo hili huja kila ligi inapopata bingwa wa mara tatu. Kikomo kigumu kinafanya kazi vizuri kwenye ligi za aina ya Rotisserie, ambapo wachezaji wengi hurudi mnadani kila mwaka. Kwenye ligi inayoendelea miaka 20 au 30, mikataba ni mirefu na wachezaji hukomaa polepole. Meneja aliyelea vijana watano kwa subira anajikuta wote wanadai mishahara mwaka mmoja, kikomo kinamfunga, na analazimika kuwatawanya. Umemwadhibu mjenzi. Wakati huohuo ukubwa wa mji unapoteza maana, na timu zote zinaanza kufanana. Ligi kama hiyo ni sawa kwa wote na haina hadithi.

Silaha halali ya timu maskini ni muda. Katika besiboli ya Marekani mchezaji anahitaji miaka sita ya utumishi katika Ligi Kuu kabla hajawa huru kwenda anakotaka, na kwa takriban miaka mitatu ya kwanza analipwa karibu na kima cha chini, dola 780,000 kwa mwaka 2026. Nyota wa miaka 23 kwa bei hiyo, huku mwenzake wa miaka 31 akilipwa milioni 30, ndiye mkombozi wa mji mdogo. Wengi wa vijana hao hupatikana kwenye drafti, zoezi la kila mwaka lililoanza 1965 ambapo timu huchagua chipukizi kwa zamu, na kwa muda mrefu dhaifu ndiye alikuwa wa kwanza.

Silaha hii ina makali mawili. Zawadi ya aliyeshika mkia ikiwa kubwa mno, watu watashindania kushika mkia, na hakuna kinachoua ligi haraka kama mameneja watano wanaofungwa kwa makusudi. Ligi Kuu yenyewe, kuanzia drafti ya 2023, huamua nafasi sita za kwanza kwa bahati nasibu. Kamishna wa kompyuta afanye hivyohivyo.

Kamishna aanze wapi?

Ningepanga hatua kwa mfuatano huu, na nisingeenda hatua inayofuata kabla ya kuona misimu miwili ya matokeo:

1. Ukomo wa akiba kwa timu zote, pamoja na kiwango kidogo cha fedha katika mabadilishano.
2. Mgao wa mapato, kwa kuanzia asilimia 48, ukipanda iwapo pengo la bajeti kati ya timu ya kwanza na ya mwisho bado linazidi mara mbili na nusu.
3. Kima cha chini cha mishahara kwa kila timu inayopokea mgao, ili fedha ifike uwanjani.
4. Bahati nasibu ya drafti.
5. Kodi ya anasa mwisho, na mstari wake uwe juu, ili umguse mmoja au wawili tu.

Pengo la mara mbili na nusu si amri ya kitaalamu. Ni kipimo changu: chini ya hapo timu ya mji mdogo inaweza kujenga kikosi cha kushindania ubingwa kila baada ya miaka mitano au sita, na ya mji mkubwa bado inajulikana ni kubwa.

Angalizo moja kwa kamishna mwenye haraka. Mkataba wa sasa wa Ligi Kuu unamalizika Desemba 1, 2026, na kila kanuni mpya itapitia mezani kwa wamiliki na wachezaji. Wewe unaweza kubadilisha kila kitu usiku wa leo bila kumuuliza mtu. Usifanye hivyo. Mameneja wako wamesaini mikataba ya miaka minne na mitano wakiamini kanuni za leo, na meneja wa New York aliyepanga mishahara yake kwa kanuni hizo hajavunja sheria yoyote. Tangaza mabadiliko msimu mmoja kamili kabla hayajaanza, yaandike kwa tarakimu, na weka ukurasa wa fedha wa kila timu wazi kwa wote.